Nyumba Imejaa, Mzee Hana wa Kuzungumza Naye

Mazungumzo yakifika kwenye maradhi ya kusahau uzeeni, hakosekani mtu wa kusema kwamba hayo ni maradhi ya Ulaya. Huko, husema, mzee huachwa peke yake ghorofani au hupelekwa kwenye nyumba ya wazee, akili ikakosa kazi, ikalala. Kwetu mzee yumo ndani ya familia, wajukuu wamemzunguka, majirani wanapita kumwamkia, basi akili yake ina walinzi. Maneno hayo ni matamu, na nusu yake ni kweli. Upweke unaidhuru akili ya mzee, na kila mwaka hoja hiyo inazidi kupata nguvu. Nusu ya pili ndiyo ninayoipinga, ile inayodhani kwamba kuwa na watu nyumbani ni sawa na kuwa na wenzako. Nyumba inaweza kuwa na watu kumi na wawili, na humo humo akakaa mzee ambaye kwa miezi hajaulizwa neno lolote linalomtaka afikiri. Mzee huyo ameshibishwa, ameogeshwa, ameombewa dua, na bado yuko peke yake.

Tuanze na Kilimanjaro. Mwaka 2009 na 2010 watafiti wa Tanzania na Uingereza walizunguka vijiji sita vya Wilaya ya Hai wakiwapima wazee wa miaka 70 na zaidi. Waliwafikia wazee 1,198. Hesabu ya umri iliposawazishwa, asilimia 6.4 walionekana kuwa na demensia, yaani ile hali ambayo kumbukumbu, lugha na uamuzi huporomoka mpaka mtu ashindwe kuyaendesha maisha yake mwenyewe. Kiwango hicho hakiko mbali na cha nchi tajiri. Nayo Hai si mahali pa watu waliotupana. Ni nchi ya vihamba: mzee anaishi kwenye ardhi ya ukoo, nyumba ya mwanawe iko hatua chache, makaburi ya wazazi wake yako mle mle migombani. Kama kuzungukwa na ndugu kungetosha kuwa kinga, hapo ndipo tungeiona. Mtu anaweza kunijibu kwa Ibadan, Nigeria, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta Wayoruba wakipata demensia kwa kiwango cha asilimia 1.35 kwa mwaka, na Wamarekani weusi wa Indianapolis asilimia 3.24. Tofauti hiyo ni kubwa na inastahili heshima. Lakini watu wa Ibadan na wa Indianapolis walitofautiana pia kwa chakula, kwa presha, kwa kisukari na kwa mambo mengine mengi ya mwili. Kuichukua tofauti hiyo yote na kuikabidhi familia ya Kiafrika ni kujipongeza kabla ya hesabu kufungwa.

Sasa tuone upweke wenyewe unashutumiwa kwa lipi. Jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la Lancet, likiongozwa na Gill Livingston wa London, lilitoa ripoti mwaka 2024 iliyotaja vihatarishi 14 vinavyoweza kurekebishwa, na kukadiria kwamba vikiondolewa vyote, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kutengwa na watu ni kimojawapo, pamoja na presha, uvutaji sigara, kukosa elimu utotoni na upungufu wa kusikia. Kabla ya hapo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, watafiti wa Stockholm walikuwa wamewafuatilia watu 1,203 wa miaka 75 na zaidi. Wale ambao uhusiano wao na watu ulikuwa duni walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata demensia kwa asilimia 60. Katika utafiti huo huo kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka, nami naliona ndilo kiini. Wazee waliokutana na watu mara chache, lakini wakatoka katika kukutana huko wameridhika, hatari yao haikuongezeka. Aliyetembelewa mara chache na mtu wa kuzungumza naye kweli hakuwa katika hatari kwa sababu tu ya uchache wa ziara.

Utafiti mwingine unagusa familia zetu moja kwa moja, ingawa ulifanywa kwa watumishi wa serikali mjini London. Zaidi ya watu elfu kumi walifuatiliwa tangu katikati ya miaka ya 1980, wakaulizwa mara kwa mara ni nani wanaokutana nao, kisha kumbukumbu za hospitali zikapekuliwa hadi mwaka 2017. Waliokuwa wakionana na marafiki karibu kila siku walipokuwa na umri wa miaka 60 walipata demensia kwa kiwango cha chini kwa asilimia 12, wakilinganishwa na waliokutana na rafiki mmoja au wawili mara moja katika miezi kadhaa. Kuonana na ndugu hakukuonyesha uhusiano wowote na ugonjwa. Watumishi wa London si wakulima wa Machame wala wavuvi wa Lamu, na sitaki matokeo yao yavikwe kanzu yetu bila kupimwa. Hata hivyo sababu inayowezekana ni rahisi kuiona hata kutoka huku. Ndugu huja kwa sababu ni ndugu. Rafiki huja kwa sababu kuna kitu cha kuzungumza. Kwa ndugu mzee anaweza kunyamaza na akabaki kuwa baba. Kwa rafiki akinyamaza siku tatu mfululizo, urafiki wenyewe unauliza kulikoni.

Tazama yanayotokea wazee wanne wanapokaa barazani Mji Mkongwe, na muuza kahawa akipita na birika lake. Mmoja anashikilia kwamba bei ya karafuu ilipanda mwaka fulani. Wa pili anakataa, ule ulikuwa mwaka wa mvua kubwa, karafuu ilioza jamvini. Ili aingilie kati, wa tatu lazima auvute mwaka ule kutoka kumbukumbuni, aulinganishe na aliyoyasikia sasa hivi, atafute maneno yasiyomvunjia mwenzake heshima, angoje zamu yake bila hoja kumponyoka, na muda wote huo asome nyuso kujua kama utani wake utaingia au utachoma. Anafanya hayo kwa sekunde chache, kisha anaanza upya, kwa saa mbili, jioni baada ya jioni. Bao likiletwa, kuna kete 64 na mashimo 32, na mchezaji hana budi kuona kabla ya kutia mkono ni wapi mtaji wake utaishia. Hata salamu zetu, ambazo wageni huziona ndefu, zina kazi ndani yake. Kumwuliza mtu hali ya mkwewe ni kukumbuka kwamba ana mkwe, kwamba mkwe aliugua, kwamba mara ya mwisho alikuwa anangoja vipimo. Sijui zoezi la akili linalouzwa kwenye simu ambalo lingeweza kuyakusanya yote hayo kwa bei ya kikombe cha kahawa na kipande cha kashata.

Sasa yaweke mazungumzo hayo kando ya yale ambayo mzee huyo huyo huyapata nyumbani. Shikamoo bibi. Marahaba. Umekula? Nimekula. Dawa umekunywa? Nimekunywa. Haya, pumzika. Kila swali lina upendo na kila jibu linajulikana kabla halijatolewa. Hakuna swali linalomlazimisha bibi kutafuta neno, kubisha, kusimulia wala kuamua. Akianza hadithi, mjukuu anaimalizia kwa kuwa ameisikia. Akikwama kwenye jina, wanamtajia wote kwa pamoja. Mara nyingine hata lugha imewaacha mbali. Nyanya aliyeletwa Nairobi kutoka Machakos kuishi na mwanawe anaota na kutania kwa Kikamba, wajukuu wanazungumza Kiingereza cha shule na Sheng ya mtaani, na baina yao kinabaki Kiswahili chembamba cha chakula na maji ya kuoga. Ameondolewa kwa nia njema kabisa mahali ambapo alijua kila uso sokoni na kila ugomvi wa kanisani, akawekwa sebuleni mbele ya televisheni, ambayo husema mchana kutwa na haimngojei ajibu.

Anayefikiri vizuri atanizuia hapa kwa hoja nzito. Huenda tumeyapanga mambo kinyume, atasema: mzee hapotezi akili kwa sababu ameacha watu, bali anaacha watu kwa sababu akili imeshaanza kupungua. Anayesahau majina huona haya, huanza kukwepa harusi, hujibu kwa kutikisa kichwa. Hoja hii ni ya kweli kwa sehemu, kwa sababu demensia huanza kujenga makao kichwani miaka mingi kabla ya kuonekana. Hata hivyo haibebi uzito wote. Wale watu wa London waliulizwa kuhusu marafiki zao wakiwa na miaka 60, wengine miaka mingi kabla ya ugonjwa kuingia kwenye kumbukumbu za hospitali. Chicago nako, wazee 823 walipimwa upweke wao na kufuatiliwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2007: waliojihisi wapweke sana walikuwa na hatari ya kupata ugonjwa wa Alzheimer, ambao ni aina ya demensia, zaidi ya mara mbili ya wale ambao hawakujihisi hivyo. Baadhi yao walipofariki, bongo zao zilichunguzwa, na kiasi cha upweke waliokuwa nao hakikuwiana na kiasi cha mabaki ya protini ambayo ndiyo alama ya ugonjwa huo. Kama upweke ungekuwa kivuli tu cha ugonjwa uliojificha, ungepaswa kufuatana nao. Utafiti mwingine wa Chicago, wa mwaka 2006, ulikuta kwamba kati ya wazee ambao bongo zao zilikuwa na uharibifu unaolingana, wale waliokuwa na watu wengi wa karibu walikuwa wamefikiri vizuri zaidi enzi za uhai wao. Wataalamu huliita jambo hili akiba ya ubongo: ugonjwa umefika, lakini umekuta njia nyingi zilizozoea kutumiwa, ukiziba moja fikra inapita kwingine.

Yapo pia majaribio, na jaribio lina uzito kuliko kufuatilia, kwa sababu watu hugawanywa kwa kura, hawajichagui. Mjini Shanghai wazee 120 waligawanywa katika makundi manne kwa wiki 40: wengine walifanya mazoezi ya tai chi, wengine walitembea, wengine walikutana mara tatu kwa wiki kujadili mada walizozichagua, na wengine waliachwa kama walivyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha ujazo wa ubongo umeongezeka kwa watu wa tai chi na kwa watu wa mazungumzo. Kwa waliotembea haukuongezeka. Marekani, katika jaribio lililotangazwa mwaka 2023, wazee 186 wapweke wa miaka 75 na zaidi waligawanywa vivyo hivyo. Kundi moja lilizungumza na mtu kwa picha ya video nusu saa, mara nne kwa wiki. Baada ya miezi sita waliozungumza walipata alama bora kidogo katika vipimo vya akili kuliko waliopigiwa simu fupi mara moja kwa wiki. Nasema kidogo kwa makusudi. Hakuna aliyeponywa na hakuna aliyerudi ujanani. Lakini ni mazungumzo matupu, bila kidonge, na mizani ikasogea.

Pingamizi lililo gumu kwetu halitoki maabara. Linatoka katika adabu. Sisi humheshimu mzee kwa kumpumzisha. Mama aliyechuma chai miaka 40 hawezi kuachwa apete mchele. Baba aliyesuluhisha mashauri ya kijiji hawezi kusumbuliwa na mambo ya ada na mikopo. Atulie, amefanya yake. Ninaielewa hisia hiyo, na ubaya wake uko katika uzuri wake, maana hakuna anayeweza kuikemea. Ila tukumbuke kwamba methali yetu wenyewe, penye wazee haliharibiki neno, haisemi penye wazee waliolazwa chali. Mzee anayetajwa humo ameulizwa, amepinga, amesikilizwa. Kumnyang'anya mzee kazi nzito ya mwili ni haki yake. Kumnyang'anya maamuzi yote pamoja nayo ni kumstaafisha ubinadamu. Mjini Baltimore wazee wa miaka 60 na zaidi walipewa kazi ya kuwasaidia watoto wa shule za msingi, saa 15 kwa wiki. Baadhi yao walipigwa picha za ubongo katika kipindi cha miaka miwili, na wanaume hasa walionekana wakiongezeka ujazo katika sehemu zinazoshughulikia kumbukumbu, sehemu ambazo kwa umri wao hutarajiwa kunywea. Zimbabwe wana mfano ulio karibu nasi zaidi. Mwaka 2006, Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, aliwafundisha bibi 14 wa Mbare, Harare, kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo. Uchunguzi uliofuata ulipima nafuu ya wagonjwa, si akili za bibi wenyewe, kwa hiyo sitauongezea usichosema. Ninachokiona ni kwamba kuna nchi ya Kiafrika iliyotazama ukongwe wa wanawake wake ikakuta humo ujuzi wa kutumiwa.

Vizuizi vingine vinavyomzuia mzee kuzungumza na wenzake si vya falsafa hata kidogo. Cha kwanza ni masikio. Mzee asiyesikia vizuri hujitoa barazani mwenyewe, kwa kuwa kuomba kurudiwa kila sentensi kunachosha pande zote mbili, na nyumbani huambiwa amekuwa mkaidi au amechanganyikiwa. Jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2023, la watu 977 wa miaka 70 hadi 84, halikuona kwamba vifaa vya kusikia vinazuia kushuka kwa akili kwa kila mtu; lakini katika kundi lililokuwa hatarini zaidi vilipunguza kasi ya kushuka kwa asilimia 48 katika miaka mitatu. Cha pili ni fedha. Kikoba, harusi, matanga, sadaka ya jumuiya, vyote hutaka mchango, na asiye na mchango huona aibu kukaa na waliochanga. Zanzibar ilipoanza Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyetimiza miaka 70, watu waliihesabu kwa kilo za unga. Ni haki kuihesabu hivyo. Mimi naihesabu pia kama kiingilio: ni fedha inayomwezesha mzee kusema leo kahawa ni juu yangu.

Cha tatu ni hofu, na hiki ndicho kibaya kuliko vyote. Mzee aliyepotea usiku akakutwa uani kwa jirani, anayeongea peke yake, anayemtuhumu mkwewe kwa kuiba, kwa daktari anazo dalili za kuuliza maswali. Katika sehemu za Kilifi, Kisii na Usukumani dalili hizo hizo zimesomwa kuwa uchawi, na wazee, wengi wao wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Huko Ganze, Kilifi, kituo cha Kaya Godoma kimekuwa kikiwahifadhi wazee waliokimbia vitisho kutoka katika miji yao wenyewe, kutoka kwa watu wa damu yao. Anayeishi katika hofu hiyo atajitenga hata akili yake ikiwa timamu, na atazificha dalili zake mpaka msaada uwe umechelewa. Asiitaje familia kubwa kuwa kinga yule ambaye hajajibu swali la Ganze.

Kuhusu watoto walio mbali, Dar es Salaam, Muscat au Minnesota, wanaotuma fedha kila mwezi na kuona wametimiza, sina shutuma. Fedha hiyo hununua dawa ya presha, na presha isiyotibiwa huharibu bongo pia. Ila simu iliyotuma fedha ndiyo hiyo hiyo inayoweza kubeba nusu saa ya mazungumzo, na lile jaribio la video halikuhitaji chombo cha ajabu zaidi ya hicho. Wala nisieleweke kwamba mwenye demensia ni mtu aliyekosa marafiki, au kwamba watoto wake walizembea. Wapo waliozungumza maisha yao yote, masheikh, walimu, machifu, na ugonjwa ukawakuta. Ninachotetea ni kupunguza hatari, na hakuna familia inayopaswa kuhukumiwa kwa mgonjwa wake.

Tena hata aliyekwisha ugua hajapitwa na wakati. Hapo hapo Hai, wazee 34 wenye demensia ya kiwango cha chini au cha kati waliingizwa katika vikundi vya mazungumzo na michezo ya kuichangamsha akili, vikao 14 kwa wiki saba, kwa kufuata njia iliyobuniwa Uingereza na kurekebishwa ili iwafae watu ambao wengi wao hawakusoma shule. Walipopimwa baadaye, uwezo wao wa kufikiri ulikuwa umepanda na wasiwasi umepungua. Kilichotumika ni chumba, viti, mhudumu aliyefunzwa na wazee wenyewe. Hakuna halmashauri ya wilaya Tanzania wala kaunti Kenya isiyoweza kupata chumba kimoja karibu na zahanati mara mbili kwa wiki, na madiwani wanaopitisha bajeti wanapaswa kuulizwa kwa nini hakijapatikana. Nawe msomaji, ukienda kumwamkia mzee wako, mpeleke kwanza kwa wenzake wa rika lake kama bado wako hai. Ukikaa naye, mwulize jambo ambalo wewe hulijui na unalihitaji, na akikwama kwenye jina, mngoje alitafute mwenyewe.